Picha ya Kutundikwa Sebuleni: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha za Sura Zinazotetea Watu

Ingia sebule yoyote ya Usa River, Tengeru au Maji ya Chai, utazikuta ukutani: picha ya harusi, picha ya kipaimara, babu na koti lake, mtoto na joho la mahafali ya chekechea. Fremu zimetundikwa juu karibu na dari, zimeinamishwa kidogo zimtazame mgeni aliyekaa kwenye kochi. Hakuna anayetundika picha yake akiwa amechafuka, analia au amelazwa. Hicho ndicho kipimo ninachokupa kabla hujagusa kamera: picha unayopiga ili kutetea watu iwe ile ambayo mwenye sura angeitundika sebuleni kwake. Ikishindwa hapo, sioni ni kwa haki gani itundikwe kwenye ukumbi wa maonyesho au iwekwe kwenye ripoti ya mfadhili.

Picha nyingi za misaada zilizopigwa kwetu zinashindwa. Mtoto ana kamasi, kamera imemwangalia kutoka juu, jina hakuna, na chini pameandikwa tu "mnufaika". Zilichangisha fedha, sikatai. Ila zimetuzoesha hata sisi wenyewe kuwaona majirani zetu kuwa watu wa kuhurumiwa tu, na anayehurumiwa haulizwi bomba lipite wapi.

Nitakupitisha hatua zote kwa mfano mmoja: floraidi, madini ya asili yanayoyeyuka kwenye maji ya Arumeru, hapa Arusha. Nimeuchagua kwa sababu madhara yake yanakaa mdomoni, pale pale anapopataka mpiga picha anaposema "cheka kidogo". Hatua hizi zitakufaa pia ukiwapiga wavuna kahawa wa Kibosho au wapagazi wa Moshi. Kwa wapagazi ningekuomba jambo moja tu: wapige wakiwa wametua mizigo, uso uonekane.

Hatua ya kwanza: lijue jambo lenyewe

Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina floraidi nyingi. Maji ya chemchemi, mito na visima yanayopita humo huiyeyusha na kuibeba hadi kwenye ndoo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya Arumeru vinavuka hapo, vingine mara kadhaa. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi, yaani tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi, jino huota likiwa tayari na mabaka meupe, ya njano au ya kahawia. Mswaki hauyatoi. Aliyehamia akiwa mtu mzima hapati madoa hata akiyanywa miaka 30, ingawa unywaji wa muda mrefu wa maji yenye floraidi nyingi sana unaweza kumfikia kwenye mifupa: viungo vinakakamaa, mgongo unauma. Watoto wengine miguu hupinda. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea. Magadi ya kulainishia makande nayo huongeza yake. Kinachosaidia ni maji ya mvua, maji ya kuletwa kutoka chanzo salama, au chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo limefanyiwa kazi kwa miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto.

Usidhani hayo ni ya daktari wa meno peke yake. Ukishayajua, unajua pia picha ipi ya kupiga. Fikiria nyumba moja. Bibi alizaliwa hapo hapo, meno yake ni ya kahawia. Mkwe wake alitoka Lushoto, akaolewa akiwa mtu mzima, meno yake ni meupe. Watoto wa huyo mkwe, wa miaka 10 na 12, meno yao ni kama ya bibi. Wote wanapiga mswaki na wote wanachota bomba moja. Wapige watu hao mmoja mmoja, kwa mwanga ule ule na umbali ule ule, kisha zitundike picha zao pamoja. Kashfa ya kwamba watu wa huku ni wachafu wa kinywa itakuwa imejibiwa kabla hujaandika sentensi hata moja. Mpiga picha asiyejua habari ya miaka 8 angempita yule mkwe, kwa kuwa hana "shida" ya kuonyesha, na bila yeye hoja nzima inaanguka.

Hatua ya pili: ingia bila kamera

Anza ofisi ya kijiji. Jitambulishe kwa mtendaji, mweleze unachokusudia, uache barua yenye namba yako ya simu. Kisha mwenyekiti wa kitongoji. Ruhusa yao ni ya kupita kijijini; haimfungi mtu yeyote kukubali kupigwa picha, na jambo hilo liseme mbele ya mwenyekiti mwenyewe, maana akikusindikiza hadi mlangoni wengi watakubali kwa heshima yake.

Safari ya kwanza acha kamera nyumbani. Ukienda na kilo ya sukari kama mgeni yeyote, si vibaya, mradi kila nyumba ipate sawa. Usije na gari lenye nembo ya shirika. Jiandae pia kwa swali litakalokuja mapema, mara nyingi kabla chai haijaletwa:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mmetuletea maji?"

Jibu wazi, hapo hapo: "Hapana bibi. Sina bomba, na picha peke yake haileti bomba. Nataka wenye kupanga maji wawaone ninyi na wawasikie. Naweza nikafanikiwa, naweza nisifanikiwe." Wapo watakaokuaga kwa heshima baada ya jibu hilo. Waache. Atakayebaki amebaki akijua anachokubali, na hata usoni utaona tofauti siku ya kupiga.

Kama wazee wanaongea Kimeru au Kimaasai kwa raha zaidi, tafuta mkalimani asiyehusika na ofisi inayogawa misaada wala kamati ya maji. Binti wa jirani aliyemaliza kidato cha nne anafaa kuliko ofisa.

Hatua ya tatu: idhini, tena kwa mafungu

Hapa usiharakishe. Fomu moja yenye mstari wa saini, inayosema picha itatumika "kwa shughuli zote", haimwelezi mtu chochote. Igawe idhini kwa matumizi, umwombe kila moja peke yake: kusafishwa na kubaki kwa familia, kuonyeshwa hapa kijijini, kuonyeshwa Arusha mjini, kuwekwa kwenye intaneti, kupewa shirika, kuuzwa kama kazi ya sanaa. Mtu anaweza kukubali ya kwanza na ya tatu na kukataa zilizobaki. Wengi hukubali watu wa mbali waione na hukataa ya kijijini, na wana sababu zao.

Kwenye intaneti, usieleze kwa maneno matupu. Toa simu, fungua ukurasa wenye picha ya mtu yeyote maarufu, msomee na maoni yaliyoandikwa chini, yale mazuri na yale ya matusi. Mama ambaye hajawahi kutumia mitandao ataelewa ndani ya dakika mbili ni kitu gani unachoomba.

Sheria nayo iko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inataka idhini ya maandishi. Picha ya sura yenye maelezo ya ugonjwa ni taarifa ya afya, haijalishi imepigwa kwa usanii gani. Kwa hiyo chukua vyote viwili: karatasi ya Kiswahili chepesi yenye saini au dole gumba, na sauti iliyorekodiwa mtu akieleza kwa maneno yake alichokubali. Akishindwa kukueleza, bado hajaelewa, anza upya.

Kwa mtoto, yaani yeyote chini ya miaka 18, mzazi au mlezi asaini na mtoto mwenyewe akubali kwa kinywa chake. Mtoto akisitasita huku mama akisema "piga tu", usipige. Na mimi nina msimamo zaidi ya sheria: mtoto mwenye madoa ya meno simweki kwenye intaneti akiwa ameachama, jina likiwa chini yake. Mtoto wa darasa la nne leo, baada ya miaka kumi na kidogo, atakuwa anaomba kazi ya mapokezi hotelini hapa Arusha, mji unaoishi kwa kukaribisha wageni. Picha yako isimtangulie kwenye usaili.

Je, umlipe? Mashirika mengi yanakataza, yakihofia kununua ridhaa. Ninavyoona mimi, mtu aliyeacha kibarua chake akakaa nawe nusu siku anastahili fidia ya hiyo nusu siku, sawa kwa wote, iliyotajwa tangu mwanzo, na anaipata hata akibadili mawazo baada ya kupigwa. Kinachonunua ridhaa ni fedha inayotolewa baada ya saini.

Hatua ya nne: vifaa

Hapa sitakuchosha. Kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 50 au 85 inatosha kabisa. Simu nzuri pia inatosha, ila tumia lenzi yake ya kukuza mara mbili na urudi nyuma kidogo, kwani lenzi pana ukiwa karibu hutanua pua na kurefusha kidevu. Zima urembo wa simu. Programu nyingi za urembo hung'arisha ngozi na kufuta mikunjo, na baadhi hung'arisha hadi meno, na hapo umeshafuta ushahidi. Ongeza shuka moja jeupe, kitambaa kimoja cheusi, kigoda, kamba na vibanio vya nguo.

Hatua ya tano: mwanga wa Meru na matatizo yake

Arusha iko digrii 3 hivi kusini mwa ikweta, hivyo kati ya saa tano na saa tisa mchana jua liko juu sana. Macho yanazama kwenye kivuli cha nyusi. Wapiga picha wengi wanakimbilia jua la saa kumi na mbili jioni kwa sababu linapendeza. Kwa mradi huu likwepe. Mwanga ule ni wa njano, na kila jino litakalopigwa nao litakuwa la njano, la mkwe wa Lushoto pia. Utakuwa umedanganya kwa kupendezesha. Asubuhi za mawingu za Juni hadi Agosti, mlima ukiwa umejifunika, ndizo bora: mwanga ni mpana, mpole na hauna rangi.

Usipopata mawingu, tumia mlango. Fungua mlango wa mbele usioelekea jua, mkalishe mtu hatua moja au mbili ndani, atazame nje. Mwanga utaingia kwa upole upande wa mbele, nyuma yake chumba kitazama gizani, na ndani ya kila jicho utaona alama ndogo ya mlango. Ile alama ndiyo inayofanya jicho lionekane hai. Mgeuze kidogo, uso uwe nusu kuelekea mlangoni, na upande wenye kivuli uweke shuka jeupe karibu na bega lake.

Sasa angalia rangi. Nyumba nyingi za Arumeru ziko katikati ya migomba, na kivuli cha mgomba kina ukijani unaotua kwenye ngozi na kwenye meno. Jicho lako haliuoni kwa kuwa limezoea, kamera inauona. Udongo mwekundu wa uani nao hupiga mwanga wa kahawia kutoka chini hadi kidevuni. Sogea mbali na migomba, tandika shuka jeupe au turubai ardhini mbele ya kigoda, kisha fremu ya kwanza mwombe mtu ashike karatasi nyeupe ya A4 karibu na shavu. Ukifika kwenye laptopu, rekebisha rangi hadi ile karatasi iwe nyeupe, halafu tumia marekebisho hayo hayo kwenye fremu zote za mahali hapo. Dakika moja hiyo ndiyo inayokupa haki ya kumwambia mhandisi wa maji: rangi hii ya jino ni ya kweli.

Ngozi nyeusi inataka uangalifu wake. Mita ya kamera hudhani kila inachokipima ni kijivu cha kati. Nyuma pakiwa na anga jeupe, itatia uso giza. Ukipima shavu jeusi peke yake, italipausha. Pima shavuni, punguza mwanga kwa theluthi mbili za "stop" hadi "stop" moja nzima (stop moja ni kupunguza mwanga kwa nusu) kulingana na weusi wa ngozi, kisha angalia histogramu, yaani mchoro wa kamera unaoonyesha giza na mwanga wa picha. Usitegemee kuja kuongeza mwanga kwenye laptopu: ngozi nyeusi iliyopigwa gizani ikainuliwa baadaye hutoka kama imepakwa majivu. Matatizo haya yana historia. Kwa miaka mingi maabara za rangi zilipanga mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi zetu zikatoka zilivyotoka. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini uamuzi bado ni wako.

Mipangilio ya kuanzia: uwazi wa lenzi f/4 ili macho na meno vyote vitoke kwa ukali, shata sekunde 1/200, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 400 hadi 1600, faili la RAW, yaani ghafi, lisilopunguzwa na kamera. Umbali mita moja na nusu hadi mbili. Urefu wa kamera uwe sawa na macho ya aliyekaa, nawe ukae kwenye kigoda kingine. Mtoto mdogo? Piga magoti.

Hatua ya sita: kupiga, na habari ya mdomo

Siku hiyo mwache mtu achague nguo. Atakwenda kubadilisha, subiri. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, alipiga maelfu ya watu wakiwa na nguo zao bora mbele ya vitambaa vya maua, na cha kwanza kati ya hivyo kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Picha zile leo ziko kwenye makumbusho makubwa ya dunia, nazo zilipigwa kwa ajili ya familia za Bamako. Fuata njia hiyo. Pazia la nyuma liwe kitenge, blanketi au shuka analolipenda mwenye nyumba. Mwanga na umbali visibadilike kutoka nyumba hadi nyumba, kitambaa kibadilike. Hivyo mfululizo wako utaonekana ni kazi moja, na kila mtu ataonekana ni yeye.

Kisha mdomo. Watu waliokua na madoa wamejifunza kuishi nayo: wanacheka wakiweka mkono, wanaongea midomo ikiwa karibu, wanageuka pembeni. Usimwambie mtu "onyesha meno", hata siku moja. Neno hilo ameshalisikia, na hakulisikia kwa wema.

Ninavyopanga mimi ni hivi. Fremu za kwanza ni za midomo iliyofungwa, mtu ametulia, anaangalia lenzi. Hizo peke yake zinaweza kuwa picha yako bora. Halafu muulize: "Ungependa picha nyingine iweje?" Kaa kimya baada ya swali. Wapo watakaosema hivyo hivyo yatosha. Yupo atakayenyanyua kidevu na kuachama makusudi, macho yamekazwa, kama anakuuliza wewe na kila atakayeitazama. Na yupo atakayecheka na mkono ukaruka mdomoni. Ule mkono upige, ni picha ya kweli kuliko zote, kisha mwonyeshe hapo hapo kwenye kioo cha kamera na umuulize kama ibaki. Akisema futa, futa akiona.

Wakati unapiga, ongea naye habari nyingine: mahindi yamefikaje, mjukuu anasoma wapi, bei ya parachichi. Maswali ya aina ya "unajisikiaje kuishi na hali hii" hukunja uso ule ule unaotafutwa na picha za kuomba.

Hatua ya saba: kuchagua na kusafisha

Chagua pamoja naye. Pakia picha kwenye laptopu au simu, mkae upande mmoja wa meza, zipunguzeni hadi mbaki na tatu. Ukiona unayoipenda wewe ndiyo asiyoipenda yeye, mweleze kwa nini unaipenda. Akishikilia, yake ndiyo inakwenda.

Usibadili meno: usiyang'arishe, usiyakoleze. Usipunguze rangi ya nyumba nzima ili ionekane ya huzuni. Na kwa mradi huu sishauri picha nyeusi na nyeupe, ingawa najua zinavyoheshimika kwenye sanaa. Kwenye nyeusi na nyeupe doa la kahawia linageuka kivuli, pengo au uchafu, na mtazamaji anarudi kwenye kashfa ile ile tuliyokuja kuiondoa. Ukipiga miguu iliyopinda au mikono ya mzee, hapo nyeusi na nyeupe inaweza kufaa.

Safisha picha ya postikadi na moja ya A4, uzipeleke mwenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Mwaka 1936 mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja na wanawe kwenye kambi ya vibarua huko Nipomo, California. Picha ile ikawa sura ya njaa ya Marekani. Mama mwenyewe, Florence Owens Thompson, hakujulikana jina hadi 1978, na alilalamika kuwa hakuulizwa jina wala hakupata nakala. Siku unayopeleka nakala ndiyo pia siku ya kuomba idhini mara ya pili, maana sasa mtu anaona kitu chenyewe. Wanaobadili mawazo hubadili hapo.

Hatua ya nane: maelezo chini ya picha

Mpiga picha Lewis Hine alipowapiga picha watoto waliofanya kazi viwandani Marekani kuanzia 1908, aliandika majina, umri na kazi zao, na urefu wa mtoto aliupima kwa vifungo vya fulana yake ya suti ili wasimamizi wasimgundue. Maelezo yale yalizipa picha nguvu mbele ya watunga sheria. Nawe andika: jina analotaka kuitwa, kazi yake, jambo moja alilolisema, na jambo moja la hakika kuhusu maji.

Maelezo mabaya: "Mwathirika wa maji ya sumu akiwa nyumbani kwake." Mazuri: "Mama Fulani analima nyanya na ni mweka hazina wa kikoba. Alikuja huku akiwa mtu mzima. Wanawe wamezaliwa hapa. Wanachota bomba moja." Taja kata, acha kitongoji. Ondoa taarifa za mahali ambazo simu huzificha ndani ya faili.

Hatua ya tisa: iwe kazi ya sanaa kweli

Picha 10 au 12 zilizoshikana zinatosha. A3 yenye ubora kamili inahitaji pikseli 3508 kwa 4961, yaani megapikseli 17 hivi, lakini hata picha ya simu ya megapikseli 12 iliyopigwa vizuri itasimama kwenye A3. Nakala za kuuza zichapwe kwa wino wa pigimenti kwenye karatasi ya pamba, zipewe namba, kwa mfano nakala 6 tu. Namba 1 ni ya mwenye sura na haiuzwi nawe. Andika kwenye mkataba mgawo wa mauzo. Mimi nasema mwenye sura apate nusu ya kinachobaki baada ya gharama. Hakimiliki kwa kawaida ni yako chini ya sheria ya mwaka 1999, hivyo shirika likiitaka picha, lipe ruhusa ya muda maalumu na kwa habari hii tu. Picha ya floraidi isije ikaonekana kwenye tangazo la ukimwi au njaa.

Ukitaka kupanga picha kisanii, panga, ila sema umepanga. Aïda Muluneh wa Ethiopia alifanya hivyo mwaka 2018 kwa WaterAid, shirika linaloshughulikia maji: wanawake waliopakwa rangi usoni, mavazi mekundu na ya buluu, kwenye ardhi ya chumvi ya Afar. Hoja ya maji ikafika bila mtu yeyote kudhalilishwa.

Hatua ya kumi: maonyesho na ombi lenye anwani

Onyesha kijijini kwanza, kwa waliokubali hilo. Kamba na vibanio kwenye ukumbi wa shule au wa kanisa vinatosha. Kisha mjini. Wakati mzuri ni Wiki ya Maji, tarehe 16 hadi 22 Machi, ofisi zote za maji zinapokuwa zinatafuta la kuonyesha. Omba nafasi mapema, miezi sita kabla. Makumbusho ya Azimio la Arusha, karibu na Mnara wa Mwenge, ni mahali ambapo watu wa kawaida hawaogopi kuingia. Waalike RUWASA (wakala wa maji vijijini), mamlaka ya maji ya mjini, madiwani, madaktari wa meno, walimu wakuu. Wenye sura wawepo, nauli yao uwe umeilipa, na wakae viti vya mbele.

Usiwaache wageni na huzuni isiyo na kazi. Ombi liwe moja na liweze kujibiwa: kwa mfano, kipimo cha floraidi cha kila kilula (bomba la umma) kibandikwe pale pale, chenye tarehe, na kaya zenye watoto chini ya miaka 8 zianze kupata matangi ya maji ya mvua. Liandike ukutani, lisainiwe na wananchi, likabidhiwe kwa mkono. Andika jina na cheo cha aliyelipokea.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Mwombe mtendaji akuweke kwenye ajenda ya unaofuata, uende useme nani alikuja, nani aliahidi nini, na kiasi gani kilipatikana kwenye mauzo. Baada ya mwaka mmoja wapigie wote simu, mmoja mmoja, uwaulize kama picha ziendelee kubaki zilipo. Atakayesema toa, toa siku hiyo hiyo: kwenye ukurasa wako, kwenye laptopu, na kwa kila shirika ulilolipatia nakala.